Bangi ya Mama

Mkataba wa nyumba ninayopanga Kilimani una kurasa kumi na moja. Ukurasa wa saba unakataza kufuga kuku, kutwanga nafaka, kuanika magodoro upande wa barabara, na kupanda mmea wowote kwenye roshani bila ruhusa ya maandishi ya wakala. Siku nilipotia sahihi nilicheka peke yangu. Ilikuwa wazi kwamba aliyeuandika alilelewa na kuku na kinu, akapata kazi mjini, na tangu hapo anaogopa visije vikamfuata. Miaka sita baadaye nilimleta mama kutoka magharibi kwa matibabu. Alishuka na begi moja, kibuyu cha maziwa ya mgando na kitambaa kilichofungwa fundo, nikajua ukurasa wa saba ulikuwa ukimsubiri yeye.

Mama alikuwa na saratani. Kila baada ya wiki tatu nilimpeleka hospitali akatundikiwa dawa kwa saa nne, kisha akarudi akilalamika kwamba mdomo wake una ladha ya msumari. Daktari alitaka ale, damu iongezeke. Nikanunua kila kitu ambacho watu wa Kilimani huamini kuwa ni chakula: mtindi wenye vipande vya matunda, uji wa pakiti, supu ya maboga iliyokwisha kupikwa na kufungwa kwenye kopo zuri kuliko vikombe vyangu. Mama alivionja kwa ncha ya ulimi, akasukuma bakuli. Alitaka saga.

Saga ndiyo mboga ambayo vitabu huiita mgagani. Ni chungu, na haina haraka. Kwetu huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, halafu hutiwa maziwa kwenye chungu na kupashwa moto leo, kesho na keshokutwa, maziwa yakiongezwa kila mara, mpaka uchungu unalainika na harufu inashika hata mapazia. Mwanamke aliyejifungua hupewa. Mgonjwa hupewa. Nilimnunulia mama fungu kubwa Kenyatta Market, karibu na pale wanapochoma nyama, nikampikia jinsi alivyonifundisha. Alitafuna mara moja, akatema kwenye kiganja.

"Hii imenyweshwa maji ya sabuni," akasema. "Niletee karai na udongo."

Ndipo alipofungua lile fundo la kitambaa. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi, ndogo, hazikujaza hata kijiko. Kwetu mbegu ya saga hainunuliwi dukani. Mwanamke hupewa na mama mkwe wake siku anapotengewa jiko lake, na kila msimu huacha miche michache bila kuichuma, ikomae, ikauke, atoe mbegu za msimu unaofuata. Mama alikuwa ameitunza ile mbegu tangu alipoolewa. Msimu uliopita alikuwa mgonjwa, hakupanda, na panya walikuwa wamekula nyingine zote. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo hakuwa na mke wa mwana wa kumwachia. Alikuwa na mimi, mwalimu wa jiografia, mwenye roshani ya hatua nne kwa mbili.

"Hizi ndizo zilizobaki," akaniambia. "Zikitoa mbegu, nusu ni zako."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa kwanza, na ninausimulia mapema kwa sababu nitawasema sana watu wengine. Nilipoketi kuandika ile barua ya ruhusa, sikuweza kuandika neno mboga. Nafundisha shule ya kulipia iliyoko Lavington, shule ambayo watoto hushushwa na madereva na siku ya wazazi huwa na mpiga fidla. Barua yangu ingesomwa na msichana wa ofisi ya wakala mwenye kucha ndefu. Nimwambie nataka kulima mboga za kienyeji kwenye karai, ghorofa ya nne? Nikaandika kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba naomba kukuza mimea michache ya dawa kwa ajili ya mgonjwa wa saratani. Ruhusa ilikuja siku ya pili, ikiwa na muhuri. Niliifurahia kama cheti.

Saga iliota. Makarai matano, mistari miwili kila moja. Mama alikuwa akiamka asubuhi, anavuta kiti cha plastiki, anakaa nayo. Alichuma ncha za miche ya makarai manne kwa kucha, na karai la tano akakataza lisiguswe, kwa sababu hilo lilikuwa la mbegu. Baada ya wiki chache chungu kilikuwa jikoni, nyumba inanuka kama kwao, na mama anakula. Anakula kabisa, anafuta bakuli kwa ugali. Kipimo cha damu kilipanda kidogo na daktari akasema tuendelee hivyo hivyo. Mimi nilifunga madirisha yote na kuwasha ubani ili majirani wasisikie harufu ya chungu.

Sasa nije kwa mwenyekiti. Kila jumba la Kilimani lina chama cha wakaaji, na kila chama kina mwenyekiti ambaye hakuna mtu anayekumbuka kumchagua. Wetu ni bwana wa makamo anayevaa sweta mabegani bila kuingiza mikono. Alilelewa Lavington, nyuma ya ukuta, na mtunza bustani, na mpishi, na mboga iliyomfikia ikiwa tayari imelala kando ya nyama. Roshani yake inatazamana na yangu, ng'ambo ya maegesho. Siku moja alipiga picha ya makarai yetu kwa simu yake, akaiweka kwenye kundi la wakaaji, na chini yake akaandika: "Wapendwa, do we know what this is?"

Ni kweli jani la saga lina vidole vitano, kama la bangi. Mtu asiyewahi kuinama shambani anaweza kuona alichotaka kuona. Lakini saga hutoa maua meupe na maganda membamba yanayosimama juu kama njiti, na hakuna bangi duniani yenye maganda kama hayo. Wakaaji arobaini, wote wana digrii, wengine mbili, na kila mmoja akatoa ushahidi. Mmoja alisema amekuwa akisikia harufu wiki nzima na kichwa chake kimekuwa kikizunguka. Mwingine akasema mbwa wake amebadilika tabia. Nilipoandika kwamba ni mboga, mwenyekiti aliambatisha barua yangu. Sijui aliipataje kwa wakala. Aliizungushia duara jekundu: mimea ya dawa, mgonjwa wa saratani. "Mwalimu," akaandika, "tunakuhurumia, lakini sheria ni sheria."

Basi ikawa imekwisha. Hakuna mtu aliyebaki akijiuliza kama ni bangi. Walichobishana ni kama bangi ya mgonjwa ni dhambi. Kundi liligawanyika pande mbili, na upande wa huruma ulinikera kuliko wa ukali. Mama mmoja aliniandikia pembeni kwamba ananiombea, na kwamba kuna nchi serikali imekubali.

Kijana wa ghorofa ya pili, mwenye kazi ya kompyuta na nywele za kusuka, ambaye moshi wake halisi hupanda kwenye ngazi kila Jumamosi bila mtu kuitisha mkutano, alinisimamisha pale chini kwenye lifti. Macho yake yalijaa heshima niliyokuwa nikiitafuta kwa wanafunzi wangu kwa miaka ishirini.

"Aunty, respect. Umeomba ruhusa kwa barua? Kwa landlord? Na akasign?"

"Ni saga," nikamwambia. "Mboga. Ile ya kupika na maziwa."

"Na maziwa! Eeh, kumbe mnaipika na maziwa. Hiyo ni smart, haikwarui koo." Akasogea karibu. "Huko majuu mtu anakuza kwa nyumba ya kupanga, ako na karatasi ya daktari, landlord amekubali, hakuna stress. Wewe ndio wa kwanza Kenya, Aunty. Ukitaka taa za kuikuza, niambie tu."

Nilipanda ngazi kwa miguu nisipande lifti naye. Nilikuwa na hasira. Sikuwa na hasira kwa kuwa alinidhania mhalifu. Alinidhania mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale, na sababu yake ilikuwa upuuzi mtupu.

Barua ya wakala ilifika Jumatatu. Ruhusa ya mwanzo ilikuwa imefutwa. Alhamisi saa nne asubuhi wakala angekuja kukagua pamoja na afisa wa polisi, na ikibainika mimea hiyo ni haramu, iwe ya dawa au si ya dawa, mkataba wangu utavunjwa na mambo mengine yatafuata mkondo wake. Nilimsomea mama nikiruka maneno mengine. Alikuwa anapembua mboga kwenye ungo.

"Waje," akasema. "Tutawapikia."

Jumanne alasiri mlango ulibishwa. Alikuwa mwenyekiti, bila sweta, ameshika kopo la plastiki lenye mfuniko. Nilidhani amekuja kuchukua ushahidi. Alitazama kushoto na kulia kwenye ujia, akauliza kama anaweza kuingia, na alipoingia hakuketi. Mama alikuwa amejilaza chumbani, mlango wazi.

"Mwalimu, haya mambo ya Alhamisi tusiyachukulie kibinafsi," akasema. "Ni procedure tu. Mimi nina mzee wangu pale Lavington. Mifupa. Ni ile hali kama ya mama. Analia, Mwalimu. Mtu mzima analia mpaka mfanyakazi anatoka nje. Nimesikia hii kitu inasaidia." Akanyoosha kopo. "Kidogo tu. Na nitaongea na wakala."

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau wakati ule. Aliyenipiga picha. Aliyezungushia duara jekundu ugonjwa wa mama yangu. Sasa amesimama kwenye zulia langu na kopo la biskuti. Nilimpeleka jikoni, nikafunua chungu, nikamwambia anuse, hii ni mboga, ni saga, chukua kijiko uonje. Alinusa, akarudi nyuma, akatabasamu tabasamu la mtu aliyeelewa.

"Najua lazima useme hivyo," akasema. "Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo."

Nikamfungulia mlango atoke. Akageuka pale kizingitini, uso umemshuka, akaniomba nisimtaje kwa mtu, kwa sababu mkewe ni mzee wa kanisa. Nikaufunga mlango.

Usiku ule na siku iliyofuata nilifikiri vibaya. Nilikuwa nimemwonyesha mtu chungu chenyewe na bado hakuamini. Niliona polisi akiingia, wakaaji wamejaa kwenye ujia na simu zao, picha yangu na makarai ikizunguka mpaka kwa wazazi wa Lavington. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unasubiri kuongezwa muhula ule. Mkuu wa shule angesema anajua ni uzushi, halafu angeniomba nipumzike kidogo. Nilijieleza hayo yote kama mtu anayefanya hesabu kwa uangalifu. Yalikuwa kweli, lakini chini yake kulikuwa na kitu kidogo cha aibu tu: sikutaka wale watu waje waone makarai, udongo, kiti cha plastiki, na mama akiwapakulia. Bora waseme bangi kuliko waone tumetoka wapi.

Alhamisi nilimpeleka mama hospitali saa moja. Akiwa ametundikiwa dawa nilimwambia narudi nyumbani kuwapokea wageni, nitamfuata mchana. Akaniambia niwape na ugali. Saa tatu nilikuwa kwenye roshani. Niling'oa karai la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mashina ya saga yana vinyweleo vinavyonata, na harufu yake haitoki mkononi. Kwenye karai la tano maganda yalikuwa marefu kama kidole changu, bado ya kijani, yanaanza kubadilika rangi kwenye ncha. Nilisimama pale kidogo. Kisha niling'oa na hilo. Nikasukuma yote kwenye gunia jeusi la taka, na kwa kuwa gari la taka halikuwa limefika nikaliweka gunia nyuma ya mlango wa jikoni.

Walikuja saa nne kamili: wakala, mwenyekiti akiwa na sweta lake mabegani, na afisa wa polisi, mwanamke mnene wa rika langu aliyekuwa akipumua kwa nguvu kwa sababu ya ngazi, maana lifti siku hiyo ilikuwa imeharibika. Waliona makarai matano ya udongo uliochimbuka, mbichi, na mizizi iliyokatika. Mwenyekiti akamtazama wakala. Hata mtoto angejua nimeficha kitu.

"Mimea iko wapi, madam?" afisa akauliza, na sauti yake haikuwa na mchezo.

Sikuwa na njia. Nikaleta gunia. Afisa aliingiza mkono, akatoa konzi ya majani, akayasugua kati ya vidole, akanusa. Kisha akakaa kwenye kile kiti cha plastiki cha mama, akamwaga gunia lote sakafuni.

"Hii ni saga!" akasema. "Ninyi watu mmeniitia saga? Nimetoka station, nimepanda hizi ngazi zenu zote, kwa saga?" Alimgeukia mwenyekiti, na kwa muda wa dakika mbili nilisikia raha niliyokuwa nimeingoja kwa wiki mbili. Alimuuliza alisoma wapi. Alimuuliza kama mama yake hakumpikia mboga. Wakala alianza kuandika kitu kwenye daftari ili asitazamwe. Mwenyekiti alibadilika rangi, akasema ilikuwa nia njema.

Ndipo afisa aliponyanyua mmoja wa miche ya karai la tano, akauona mzigo wa maganda. Akalipasua moja kwa kucha. Hasira yake ilimtoka, akanitazama mimi.

"Ilikuwa ya mbegu," akasema. "Imebakisha wiki mbili, tatu. Sasa nani ameing'oa?"

Nikasema ni mimi. Alitikisa kichwa, akainuka, akajipangusa sketi. Hakuniuliza sababu. Alikuwa ameona roshani, ameona jumba, na sidhani alihitaji kuelezwa.

Mama nilimrudisha saa nane. Alienda moja kwa moja kwenye roshani kabla hata ya kuvua leso. Nilikuwa nimeiacha miche ikiwa imerundikwa pale pale kwa sababu sikupata moyo wa kuirudisha kwenye gunia. Alisimama akishika ukingo wa mlango.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni wao, mama," nikasema. "Wale wa jumba."

Alikaa, akavuta mche mmoja akaulaza mapajani, akapasua ganda baada ya ganda. Mbegu zilikuwa nyeupe, laini, zikipondeka kidoleni. Alipasua labda ishirini. Nilingoja alie au apige kelele, nami ningemsaidia kuwatukana, maneno nilikuwa nayo tele. Hakufanya hivyo.

"Usiwachukie," akasema. "Hawajui. Mtu aliyelelewa na saga hawezi kuing'oa ikiwa na maganda. Hao hawakulelewa nayo." Akaanza kuchambua majani yaliyokuwa bado mabichi, akiyatupia kwenye ungo. "Tupike haya kabla hayajanyauka. Na yule mkubwa wao umpelekee bakuli. Ajue ni nini."

Nilipeleka. Ilikuwa siku ya tatu, saga imekwisha kulainika kwenye maziwa. Mwenyekiti alifungua mlango mwenyewe, akaona bakuli, akaanza kuniomba radhi, maneno marefu ya mkutano. Nilimkatiza. Nilimwambia kwamba mama anaamini wao ndio waliong'oa, na kwamba ni mimi niliyemwambia hivyo. Nikamwomba, akikutana naye, asimwambie vingine.

Alinitazama. Nilijua ni uso gani ananitazama nao, kwa sababu nilimtazama hivyo hivyo siku aliposimama kwenye zulia langu na kopo. Lakini hakuufurahia kama nilivyoufurahia mimi.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Ile ya kwangu pia ibaki hivyo."

Jumapili alikuja kwetu baada ya kanisa na pakiti ya mbegu za saga alizonunua duka la wakulima, ina picha ya majani na maandishi ya kampuni. Aliishika kwa mikono miwili, akamwambia mama kwamba yeye ndiye aliyeng'oa mboga zake, kwamba hakujua, na kwamba anaomba msamaha. Alisema vizuri, bila Kiingereza. Mama aliipokea ile pakiti, ambayo hadi anafariki hakuwahi kuipanda, akamshika mkono, akamwambia amesamehe kwa sababu asiyejua hana kosa. Akamuuliza kama mzee wake alikula ile saga. Mwenyekiti akasema alikula yote, akaomba nyingine.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa nimefungua bomba nikiosha bakuli alilolirudisha, na lilikuwa limekwisha kuoshwa.